Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Moiben,
Jumanne, 29 Novemba 1988

Jelagat,

Sikuulizi hali. Mimi ndiye wa kuulizwa hali.

Mama yako yuko wapi?

Jana Phineas alinishusha kwenye geti lenu pamoja na mikebe mitupu ya maziwa. Nikasimama na mkoba wangu nikimngoja yule mama uliyenisimulia bwenini tangu fomu wan. Yule anayeimba akikama ng'ombe. Yule anayekuwekea malai kwenye kikombe cha bluu ili kaka yako asione. Aliyetoka ni nyanya yako. Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, "Huyu ndiye wamenipatia?" Utadhani ameletewa gunia la mbolea lililopasuka.

Nikafikiri, mama ameenda sokoni. Jioni tukaketi kula, baba yako, nyanya mnayemwita Kogo, kaka yako Kiptoo na mimi. Unajua vile mimi huwa. Kusema mbele ya watu wazima nisiowajua ni kama kuvua nguo. Lakini nilijikaza kwa ajili ya adabu, nikauliza kwa Kiswahili changu cha darasani, "Na mama naye, hatumngojei?"

Kijiko cha baba yako kilisimama hewani. Kiptoo akaanza kuangalia taa kana kwamba hajawahi kuiona. Kogo alisema kitu kwa Kikalenjin, baba yako akachukua kofia akatoka nje, na ugali wake ukabaki hapo ukipoa mbele yangu. Nilitamani sakafu ipasuke. Baadaye jikoni Kiptoo ndiye alinihurumia. "Mama alirudi kwao Soy tangu Machi. Kwani Jelagat hakukuambia?"

Hakuniambia. Aliniambia mengine yote, hata rangi ya kikombe.

Tulipokubaliana kubadilishana likizo, wewe ukae kwetu mjini na mimi nikae kwenu shambani, na baba zetu wakapeana mikono siku ya kufunga shule, nilifurahi mpaka nikashindwa kumaliza chakula. Sifichi kwamba nimekuonea wivu. Shamba, ng'ombe, nyumba yenye vyumba. Watu wanaoitwa wenyeji. Sisi tungeishi Eldoret mpaka tuzeeke, bado tukiulizwa nyumbani ni wapi lazima tuseme Ugenya, mahali ambapo mimi hulala wiki moja kwa mwaka na kuumwa na mbu. Nilitaka kuonja maisha yako. Sasa naona ulinionjesha hadithi tu.

Phineas anapita soko lenu, yaani letu, kila asubuhi na pikapu ya maziwa. Atakupa hii. Mpe jibu, na liwe jibu.

Seline, aliyedanganywa


Eldoret, Huruma,
Jumanne, 29 Novemba 1988

Seline,

Kabla hujasoma zaidi, hebu nielekeze sebule ilipo.

Nimetafuta. Uliniambia mna sebule yenye makochi ya maua na televisheni, na baba yako ni msimamizi kiwandani. Nimekuta chumba kimoja na pazia katikati. Upande huu meza, jiko, beseni na mimi. Upande ule amelala msimamizi. Jana ndugu yako Ouma alinichekesha kidogo tu, nikacheka vile mimi hucheka, pazia likasema, "Nani huyo?" Nikaruka! Kumbe baba yako anafanya shifti ya usiku kwenye mashine za kufuma nguo na mchana ndio usiku wake. Ouma akaniwekea kidole mdomoni. Hapa watu wananong'ona kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Wanaombana chumvi kwa ishara. Nimeshika koo langu mpaka linauma.

Nilikasirika, Seline. Nilidhani sisi ni marafiki. Marafiki hawadanganyani mambo ya makochi.

Lakini nikuambie ukweli, kwa sababu siwezi kukaa na hasira nusu saa bila kusema kitu kingine. Leo mama yako amenipeleka sokoni, akanifunga aproni, akaniweka nyuma ya meza ya samaki. Mimi, msichana wa Moiben, ambaye nyanya yake huita samaki nyoka wa maji! Wakapita wamama wawili wa kwetu wakiwa wameziba pua. Nikawaita kwa Kikalenjin. Walishtuka kana kwamba yule samaki mkubwa mezani, yule mbuta, ndiye amesema. Nikawaambia, mkiogopa vile anawaangalia, namkata kichwa, mnamkaanga na kitunguu, mzee wa boma atadhani ni kuku. Wakanunua. Wakarudi na mwingine. Mama yako alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Seline wangu akisimama hapa watu hupita wakidhani ni picha."

Ameniita nyathina. Ouma amesema maana yake ni mwanangu. Sikujua nifanye nini na uso wangu, nikaanza kupanga omena, wale dagaa wadogo.

Jelagat

(Phineas amenipa barua yako nikiwa nimeshamaliza hii. Sina la kuongeza. Mama yangu ni mambo yangu.)


Moiben,
Jumamosi, 3 Desemba 1988

Jelagat,

Kwa hivyo makochi yangu ni uongo na mama yako ni "mambo yako". Sawa.

Wacha nikusimulie paradiso yako. Mahindi yamekatwa, yamesimamishwa shambani kama vibanda, na kazi yangu ni kuketi kando ya kibanda kimoja na kuyamenya mpaka kiishe, halafu nisogee kwa kingine. Majani yamenikata vidole vyote. Siwezi kushika kalamu vizuri, ndio maana mwandiko huu unafanana na wako. Maziwa yapo, ndiyo, mengi, na karibu yote yanaingia mikebeni yanakwenda mjini. Mnaokunywa chai nyeupe ni nyinyi mliomo Huruma.

Na Kogo wako! Hanipendi. Ananiita mtoto wa samaki. Nikiita ng'ombe anasema nawanong'oneza siri. "Paza! Unaogopa watakusengenya?" Juzi ng'ombe waliingia kwa mahindi ya jirani nikiwa nimesimama hapo hapo nikiwaambia "tafadhali". Kiptoo alianguka chini kwa kicheko. Kwa hasira nikapiga kelele moja, sijui ilitoka wapi, hata mbwa akakimbia. Ng'ombe wakarudi. Kogo akasema, "Kumbe ana mdomo," akaendelea na kazi yake.

Lakini hayo si kitu. Kilichoniuma ni barua yako. "Wakidhani ni picha." Ulifurahi kuniandikia hivyo, sivyo? Mama yangu hajawahi kunisifu sokoni hata siku moja. Huniambia, "Seline, nenda nyumbani ukasome," nami naenda. Na wewe siku moja tu umekuwa nyathina. Sikia basi. Kama wako ameondoka, usichukue wangu.

Nimeandika na sifuti.

Na ujue hata mimi naweza kupendwa. Leo Kogo ameenda kanisani kupanga mambo ya Krismasi, nimebaki peke yangu, nikasema nitawashangaza. Nimeosha jikoni kote. Hata vile vibuyu vyenu virefu vya maziwa vilivyopangwa ukutani, Jelagat, hamwoni haya? Ndani vyeusi tii kama bomba la moshi! Na kile kikubwa chenye shanga shingoni kilikuwa kimejaa maziwa yaliyolala siku nyingi, yana vipande vyeusi ndani. Nimemwaga. Nimevisugua vyote kwa maji moto, sabuni ya unga na kokoto, mara nyingi, mpaka maji yakatoka meupe. Sasa vimekaa juani vinang'aa. Kogo akirudi ataona kwamba mtoto wa samaki amelelewa.

Seline


Eldoret,
Jumatatu, 5 Desemba 1988

Seline,

Umefanya nini?

Nimesoma barua yako mara mbili nikidhani unanitania. Umemwaga mursik. Umemwaga na ukasugua na sabuni.

Ule weusi si uchafu, wewe uliyeelimika! Ni mkaa wa mti. Kijiti kinachomwa, kinasuguliwa ndani ya kibuyu kikiwa na moto, halafu maziwa yanawekwa, yanafungwa, yanakaa mpaka yawe na ladha yake. Kibuyu hakiguswi na sabuni. Kinainywa ile sabuni kama wino kwenye karatasi. Kila mtu anajua. Hata Phineas nilipomwambia alitoa kofia kama amepita matanga.

Na umechukua kile chenye shanga. Ni cha mama yangu. Alikuja nacho akiolewa.

Sasa nitakuambia mambo yangu, kwa kuwa umeyamwaga kwenye nyasi. Mwanzo wa mwaka baba alitaka cheo cha siasa pale kwetu. Ukaja ule uchaguzi wa mlolongo, watu kupanga laini nyuma ya wanaowataka. Baba akauza ng'ombe ili awape watu chai na mkate. Walikunywa chai yake, wakafuta midomo, wakaenda kupanga laini nyuma ya mwenzake. Ng'ombe mwenyewe hakuwa wa baba. Mama alipewa na baba yake siku ya arusi. Mama hakupiga kelele. Alifunga nguo zake akaenda Soy. Kibuyu alikiacha.

Wazee wamezungumza, wa kwetu na wa kwao. Imesemwa atarudi Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Mtu akirudi nyumbani anapokewa na mursik mlangoni, na Kogo, ambaye huwa hapatani na mama hata kwa kiasi cha chumvi, Kogo mwenyewe ndiye alimtengenezea hayo maziwa kwenye kibuyu chake. Ndiyo njia yake ya kusema pole. Hana nyingine. Sasa mama atapokewa na nini? Povu?

Akigeuka arudi Soy, ni wewe.

Na usiniambie nimechukua mama yako. Ulimtupa, mimi nikaokota. Siku ya wazazi muhula wa pili alikuja na samaki amefunga kwa gazeti ndani ya beseni. Ukamwona kutoka dirishani, ukaenda kujificha choo cha bweni. Mimi ndiye nilitoka nikamwambia uko dispensari, mimi ndiye nilikula naye wale samaki kwenye nyasi. Nilikuwa natafuna huku nikitaka kulia, kwa sababu huyo alikuwa mama wa mtu na mtu mwenyewe alikuwa chooni.

Usiniandikie.

Jelagat


Moiben,
Jumatano, 7 Desemba 1988

Jelagat,

Nakuandikia.

Ungeniambia! Neno moja tu: usiguse vibuyu. Umenisimulia hata kikombe cha bluu ukashindwa kusema hilo. Nimekaa ndani ya nyumba ambayo kila mtu anangoja kitu, na mimi peke yangu sijui kinachongojwa. Ulinipeleka shimoni ukiwa umefunga mdomo, halafu unanikaripia kwa kuanguka.

Unataka kujua Kogo alifanya nini? Aliinua kile chenye shanga, akakinusa. Kisha akanipa mimi nikinuse, polepole, kama mwalimu anavyomrudishia mtoto hesabu aliyokosa. Kilikuwa na harufu ya nguo za Jumapili. Akaketi kwenye kigoda akajifunika uso kwa aproni. Nikadhani analia, nikaanza kulia mimi. Alipofunua hakuwa analia. Sijawahi kuona mtu amekasirika hivyo bila kusema. Akamwambia Kiptoo anitafsirie: "Aliyeharibu ndiye atatengeneza."

Kwa hivyo ndiyo kazi yangu. Namwaga maji, natia mengine, naweka juani, nanusa. Bado sabuni. Leo nimefundishwa kuchoma kijiti na kusugua. Nimeungua kidole. Kogo akaangalia ndani akasema, "Tena." Hilo ndilo neno la Kiswahili analolipenda kuliko yote.

Na kuhusu choo. Ndiyo. Nilijificha.

Mama za akina Hellen wa darasa letu walikuwa wameshuka kwa magari, na viatu vya kisigino, na keki. Nikaona beseni letu linaingia getini kichwani mwa mama, na lile gazeti, na nikajua harufu itafika kabla yake. Miguu ilinipeleka yenyewe. Sikusema "nitamkana mama". Nilisema tu "bado kidogo, nitatoka bado kidogo", mpaka nikasikia beseni linaondoka. Unadhani sijalala na hilo tangu Julai? Uliandika kama umenifunulia mimi habari.

Wewe umeona pazia siku chache ukaona ni mchezo. Mimi nimekua chini yake. Tangu nizaliwe mchana ni wa baba kulala. Nimejifunza kulia bila sauti, kucheka bila sauti. Mama ananituma nyumbani nikasome kwa sababu mara ya kwanza aliponiweka nyuma ya meza, nikiwa mdogo, niliwanong'oneza wateja, nao wakacheka, na mimi nikajikojolea. Alinivua aproni mbele ya soko lote akanifunga leso yake kiunoni. Hajawahi kunirudisha tena. Nilidhani ni kwa sababu ana haya na mimi. Sasa nasoma kwako vile anacheka mpaka ashike meza, na najiuliza huyo ni nani. Mimi sijamwona hivyo kwa sababu sikukaa. Hilo ndilo linaniudhi kuliko kila kitu. Umeniandikia habari za mama yangu kama mtu anayeandika kutoka nchi nyingine.

Rudi kwenu tarehe kumi na saba. Mimi nitasimama mlangoni na hicho kibuyu, kiwe na sabuni au kisiwe nayo. Lakini mimi si mtoto wake.

Seline


Eldoret,
Ijumaa, 9 Desemba 1988

Seline,

Sitakuja.

Hata Pasaka walisema atarudi. Nilivaa gauni la kanisani nikaketi kwenye jiwe la geti tangu asubuhi. Kila gari lililotoa vumbi barabarani nilisimama. Jioni Kogo alikuja akaniambia niingie, chakula kinapoa, na kwa mara ya kwanza maishani hakunitukana. Hapo ndipo nilijua haji.

Kwa nini unadhani nilitaka likizo kwenu? Nilitaka tarehe kumi na saba inikute mahali pengine. Akija, nitasikia. Asipokuja, nitakuwa nauza omena na hakuna atakayeniangalia kwa huruma. Na nilitaka kukaa na mama. Basi, nimesema. Wewe ulikuwa na wivu na ng'ombe wetu. Mimi nilikuwa na wivu na beseni.

Samahani kwa lile la kukutupia choo usoni. Lakini ni kweli. Na samahani nyingine: mama yako ameanza kuuliza barua hizi zinasema nini. Nitajaribu kumzunguka.

Jelagat


Eldoret,
Jumanne, 13 Desemba 1988

Mimi Jelagat ndiye naandika, mama yako ndiye anasema. Amenikataza kurekebisha.

Seline. Anza na Seline tu, usiweke "mpendwa", bado nimekasirika. Umeandika hivyo? Usiandike kwamba nimeuliza. Haya.

Seline. Jana ilikuwa Jamhuri, soko lilifungwa mapema, nikapata nafasi. Nikamwambia huyu msichana anisomee barua zako. Akasoma vizuri, mahindi, ng'ombe, kibuyu. Halafu akafika mahali macho yake yakaruka mistari kama mbuzi anayeruka mtaro. Nikamwambia rudi. Akasema ni salamu tu. Nikamwambia, mtu wa kwetu hasalimu urefu huo wote. Akasoma.

Siku ile ya wazazi nilikuona.

Nilipitia kule nyuma kutafuta maji ya kunawa. Viatu vyako vilikuwa vinaonekana chini ya mlango wa choo. Viatu nilivyonunua mimi, nikakubonyeza kidole gumba kwa mbele nione kama vinakutosha. Nitakosa kuvijua? Nilisimama kidogo nikangoja vitoke. Havikutoka. Nikarudi nikampa Jelagat samaki, kwa sababu samaki hangoji mtu amalize kuona haya.

Sikukuambia. Ningekuambia nini? Nilirudi nyumbani nikaoga na sabuni ya ndimu mara mbili. Baba yako akaniuliza kama kuna arusi.

(Anapanga samaki wa ngege upya na walikuwa wamepangwa.)

Andika. Nimekasirika, na nitaendelea mpaka nichoke mwenyewe, usiniharakishe. Na lile la aproni umelielewa vibaya. Nilikuvua kwa sababu watu walikucheka na nilikuwa karibu kumpiga mtu na mbuta. Sikuwa na haya na wewe. Hiyo haya ni yako, uliitoa wapi sijui. Si kwangu.

Sasa Jumamosi. Jumamosi nafunga meza. Ndiyo, Jumamosi, wacha Mama Apiyo wa meza ya pili auze peke yake afurahi. Huyu msichana anasema haji kwao. Nimemwambia, unaniita mama na mama yako mwenyewe anarudi nyumbani akukose? Mimi najua vile mtu husimama akingoja viatu vitoke. Simfanyii mwanamke mwingine hivyo. Analia sasa, karatasi italowa, ndio sababu mwandiko umeharibika.

Phineas atatubeba. Nakuja na beseni. Ukitaka kujificha, safari hii chagua mlango unaofika chini.

Mama yako


Moiben,
Jumanne, 20 Desemba 1988

Seline,

Salamu zote, na kwa mama zangu wote wawili, maana huyo wa huku anasoma begani mwangu. Sasa ameenda.

Siwezi kuacha kuona ile Jumamosi, kabla ya wewe kurudi mjini na mama yako. Tulipofika nilisema nitashuka. Halafu nikamwona mama amesimama kwenye jiwe la geti, jiwe langu lile lile, na kitambaa cha safari kichwani, na miguu ikakataa. Nikajibana nyuma ya mikebe ya maziwa. Mimi niliyekucheka! Nikakuona wewe unakimbia kutoka zizini, nikadhani unakuja kwangu. Ukanipita. Ukashika beseni la mama yako, ukaliweka kichwani mwako, harufu na yote, ukasimama hapo mbele ya wazee wa Soy. Mama yako alikunja leso tu akakuwekea vizuri chini ya beseni. Hapo ndipo nilishuka. Kama wewe uliweza, mimi ni nani?

Na mama yangu alipokunywa ule mursik! Mdomo ukasimama. Akatema kwenye nyasi. "Nani?" Baba akaangalia viatu, Kogo akaangalia mawingu, na wewe, wewe picha, ukapaza, "Ni mimi!" mpaka ng'ombe wakageuka. Mama akakuangalia, akamwangalia baba, akasema, "Nimeondoka kidogo tu, mnaosha kibuyu na sabuni." Akafungua kitambaa chake, akakunja mikono ya gauni, akaomba kijiti.

Hajasema amerudi, Seline. Anasema anangoja kibuyu kikae sawa, kwa sababu hawezi kukiacha mikononi mwa watu kama sisi. Nguo zake bado ziko kwenye sanduku. Kila asubuhi akienda kukama anamuuliza baba mbele yetu, "Yule wangu ni yupi?" Baba huokota ndoo. Jana alisema baada ya mavuno atamtafutia mwingine. Mama akasema, "Nasikia." Basi. Hapa hasira inaliwa na chai, lakini inaliwa mezani, na yeye yuko. Haimbi akikama. Naona niliongeza ile sehemu ya kuimba. Kikombe cha bluu ni kweli.

Sikia hii na usimwambie mtu. Nilimuuliza Kogo kibuyu kitachukua muda gani. Akasema inategemea. Jana jioni nimemkuta nyuma ya jikoni, peke yake, anakisuuza. Nikanusa.

Ametia sabuni tena. Kidogo tu.

Jelagat


Eldoret, Huruma,
Ijumaa, 23 Desemba 1988

Jelagat,

Mwambie Kogo siri yake iko salama, na asizidishe.

Mama bado hajachoka kukasirika. Anasema nami ya lazima tu: leta maji, funika hicho. Nami pia nina zangu. Nimemwambia angenigongea ule mlango wa choo badala ya kusimama tu. Akasema, "Na wewe ungefungua?" Nikachukua ndoo nikaenda kuleta maji. Tumekaa hivyo. Lakini Jumatano asubuhi alinitupia ile aproni yako bila kuniangalia. Nikaifunga.

Wamama wako walikuja wakauliza yule msichana wao yuko wapi. Nikawaambia kwa sauti yangu, ile ya ndani. Wakainama, "Ati?" Nikarudia. "Ati?" Mama alikuwa ameanza kuinuka aje anisaidie, na nikaona mkono wake unaelekea kwa leso kama zamani. Nikaudhika, Jelagat. Na yeye, na wao, na wewe uliyezaliwa na koo pana, na mimi mwenyewe. Nikaita vile niliita ng'ombe wenu wakiwa kwa mahindi ya jirani. Sikusema tafadhali. Nilisema, "Mbutaaa! Wa leo! Kichwa tunakata!"

Mama Apiyo aliangusha kipimo chake. Mtu akacheka, halafu wengi wakacheka, na safari hii nilibaki mkavu chini ya aproni. Wakaja. Si wote. Wa kutosha.

Usiniamini nikikuambia wivu umeisha. Asubuhi hapa nikitia maji ya chai yasiyo na maziwa nakumbuka zizi lenu, natamani. Halafu nakumbuka lile jiwe la geti na sitamani kuketi hapo. Kwetu hakuna sebule. Kuna pazia, na jana nimelifua kwa mara ya kwanza. Kumbe lina maua.

Leo baba alipotoka shifti alipitia sokoni, kitu ambacho hafanyi. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani na kikopo chake cha chakula, nyuzi za pamba zimemjaa kwa nywele, akatazama kushoto na kulia.

"Nimesikia sauti kutoka kule barabarani," akasema. "Yule msichana wa Moiben amerudi?"

"Hapana, baba. Ni mimi."

Akaniangalia kwa macho mekundu ya usingizi. Akamgeukia mama.

"Sasa mimi nitalala vipi?"

Mama alikuwa anapara ngege. Hakuinua kichwa.

"Utazoea," akasema.

Seline